Tundu Kwenye Umio wa Teodulo

Nilizaliwa nikitanguliza miguu, na kwetu Iloilo, Ufilipino, mtu wa hivyo akikusugua koo, mwiba wa samaki hushuka. Tangu nikiwa mdogo majirani walinijia, na wengi walipona. Kwa hiyo mwiba wa samaki aitwaye bangus ulipomkwama kooni mume wangu, Teodulo, Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima, hakuna aliyetaja hospitali. Nilimsugua shingo huku nikisali, nikamfinyangia matonge ya wali ameze bila kutafuna. Akameza saba. Akasema umeshuka, akarudi kwenye cherehani yake.

Siku ya tatu homa ikapanda na shingo ikavimba. Hospitalini Daktari Villaluz, binti mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, alimwingizia mdomoni mpira wenye kamera, akaukuta mwiba umetoboa umio. Matonge yangu ndiyo yaliyousukuma. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba siku ya kwanza angeutoa na kulibana tundu kwa kibanio kimoja, yakaisha. Sasa usaha ulikuwa umevujia kifuani, karibu na moyo. Akautoa mwiba, akaweka sifongo ndani ya tundu, na mrija wake ukatokea puani mpaka kwenye mashine ya kufyonza usaha. Kila baada ya siku tatu waliibadilisha. Mpaka tundu lizibe, asimeze kitu, hata tone la maji.

Hayo maji ndiyo yaliyomtesa. Nilimlowesha midomo kwa pamba, naye akaifuata pamba kwa ulimi. Padri alipoleta komunyo nilipokea peke yangu, yeye akageukia ukutani.

Walipoweka sifongo ya tatu nikamwambia kwamba mkono uliomharibu ni wangu.

"Miaka thelathini na minane nameza wali wako ulioungua," akasema kwa sauti ya kukwaruza, "leo ndiyo unaomba radhi? Wewe niombee tundu lizibe, ninywe glasi moja tu."

Nikaomba hilo. Sikuomba kingine.

Sifongo ya tano ilitolewa Jumatatu. Kesho yake wangempima kwa dawa ya rangi waone kama tundu bado linavuja, ndipo wampe maji. Alfajiri, kabla ya kipimo, sumu ya usaha ikaushinda moyo, akafa.

Daktari alinikalisha, akanionyesha picha ya Jumatatu. Palikuwa na kovu tu, jekundu kidogo, na tundu limeziba kabisa. Nikamwuliza kama siku ile Teodulo angeweza kunywa.

"Angeweza, Mama," akasema, akainamisha kichwa.