Dawa za Kinga

Mizizi ilikuwa imekatwa vipande virefu na bapa, rangi ya manjano iliyopauka, mfano wa vile vijiti anavyokukandamizia daktari ulimi ukisema aa. Mama Mkubwa Amne alivitumbukiza sita kwenye supu ya kuku, akafunika sufuria, akakaa kando yake kama mtu aliyewekwa lindo. Wachina huuita mzizi huo huang qi. Sisi nyumbani Lidcombe, Sydney, tuliuita "ya Cabramatta", na kwa wiki saba, kila jioni, mjomba wangu Mselem alikunywa bakuli zima la supu yake kwa sababu yangu.

Nijitambulishe, maana mshtakiwa huanza kwa jina. Naitwa Muna, nina miaka kumi na saba, nasoma shule ya bweni ya wasichana kwa ufadhili. Nilipotenda haya nilikuwa na kumi na sita, pamoja na sifa mbaya. Bwenini niliwahi kubandika tangazo, lenye muhuri niliouchonga kwa kiazi, kwamba soksi zote zitakaguliwa na daktari wa mifugo saa moja asubuhi. Wasichana kumi na wanne walipanga foleni. Hicho ndicho kilikuwa kipaji changu: kusema upuuzi kwa uso wa kadhi.

Mjomba Mselem alihamia Sydney kutoka Tanga akiwa mtu mzima, na figo zake zikamfia hapahapa. Dada yake, Mama Mkubwa Amne, akampa figo yake moja. Alimpa bila hotuba, kama mtu anavyompisha mwenzake kiti.

Hospitali walitaka kutupatia mkalimani wa simu. Mjomba akakataa katakata. Waswahili wa pwani mjini hapa tunahesabika, na mkalimani huyo angekuwa mtu utakayekaa naye mkeka mmoja siku ya Idi huku anajua habari za mkojo wako. Mama yangu alikuwa zamu kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi. Nikaitwa mimi.

Daktari, mama mpole mwenye miwani inayoning'inia shingoni, alizungumza karibu dakika kumi. Mwili una walinzi, alisema. Walinzi hao hawajui kwamba figo ni ya dada. Wataishambulia kama mwizi. Vidonge hivi ni vya kuwalaza walinzi, vitanywewa maisha yote, na visichanganywe na kitu chochote kabla yeye hajaulizwa. Nilielewa kila neno. Lakini nilikuwa na njaa, na treni yangu ya kurudi shule ilikuwa inakaribia. Nikawageukia wakubwa zangu nikasema:

"Anasema hizi ni dawa za kinga."

Maneno sita, kwa dakika kumi. Nilipoona bado wananitazama wakingoja zaidi, nikaongeza la kwangu: daktari amepiga marufuku kuimba bafuni, mtikisiko wa sauti utafumua nyuzi. Mjomba, mtu ambaye hawezi kuona maji asiimbe, alioga kimya wiki mbili. Alipogundua, alicheka mpaka akashika mshono, kisha akawasimulia wote waliokuja kumjulia hali. Nilijiona bingwa.

Sasa litazame lile neno. Dawa ya kinga inaweza kuwa ya kuishusha au ya kuipandisha. Neno lenyewe halisemi. Ila ni nani aliyelelewa kwa Kiswahili asikie "dawa za kinga" afikirie kushusha? Kinga ni kitu unachoongezewa. Kwa hiyo jirani yetu Mvietnamu alipomwambia Mama Mkubwa kwamba kuna mzizi unaopandisha kinga, na kwamba bibi yake aliunywa akavuka miaka tisini bila mafua, Jumamosi hiyohiyo mimi na yeye tulikuwa ndani ya treni ya kwenda Cabramatta, mtaa wenye maduka ya dawa za Kichina.

Duka lilinukia kama sanduku la nguo za mtu aliyesafiri. Mwenye duka, mzee nadhifu, alishika koleo lake hewani akauliza swali ambalo lingetuokoa: je, mgonjwa anatumia dawa yoyote ya hospitali?

"Mwambie anatumia dawa za kinga," alisema Mama Mkubwa.

Nikayachukua maneno yangu mwenyewe, nikayageuza Kiingereza, nikamkabidhi. Vidonge vya kuimarisha kinga. Mzee akaitikia kwa kichwa kwa furaha, akasema basi mzizi na vidonge vitasaidiana, akatujazia mfuko. Kosa langu lilikuwa limevuka lugha mbili na kurudi nyumbani likiwa limefungwa uzi mwekundu.

Wiki ya tano, mwalimu wa biolojia alitaja kwa kupita watu waliopandikizwa viungo, na dawa zinazowalaza walinzi. Nikatafuta habari za ule mzizi: unadhaniwa kuwaamsha walinzi, na watu kama mjomba huonywa wasiuguse. Mapumziko ya saa nne nikapiga simu nyumbani. Akapokea mwenyewe.

"Mjomba, ile supu acha. Daktari anakataza."

"Ehe," akasema, na nikasikia kicheko kikipanda. "Na leo kakataza nini tena, kupiga chafya? Muna, wewe mtoto utaniua."

Ningeweza kulia. Ningeweza kumwomba anipe Mama Mkubwa, nikarudia dakika kumi za daktari moja baada ya nyingine. Lakini alikuwa anacheka vizuri sana, na mimi ndiye niliyemchekesha. Nikacheka naye. Nikajiambia nitawaeleza nikienda nyumbani, na Jumamosi iliyofuata tulikuwa na mechi.

Wiki mbili baadaye mwili uliikataa figo. Daktari hakuapa kwamba ni mzizi. Alisema mwili una sababu nyingi, na nyingine hatutazijua. Siku hizi mjomba analazwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Ana kovu la kitu ambacho hanacho, na dada yake ana la kwake.

Siku tuliyoitwa hospitali kuambiwa hayo, Mama Mkubwa aliutoa mfuko wa dukani kwenye mkoba, akauweka juu ya meza ya daktari, akaunyoosha kwa viganja. Daktari aliusoma. Akauliza, taratibu, nani aliyemshauri mgonjwa atumie hiki. Akanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mdomo.

Nikawauliza.

"Mwambie ni mimi," alisema Mama Mkubwa Amne. "Mwambie Mselem hana kosa, wala mtoto huyu hana. Ni ujinga wangu, sikuuliza mtu."

Mjomba aliangalia sakafu. Nikageuka kwa daktari, nikatafsiri polepole, sikuruka neno, sikuongeza langu. Kilikuwa Kiingereza safi. Daktari akaandika.

"Umemwambia yote?" Mama Mkubwa akaniuliza.

"Yote, Mama Mkubwa."

Akanishika mkono. "Ahsante, mwanangu. Peke yangu nisingeweza."