Hata Nikikuita Mimi

Udongo wa asubuhi ulikuwa wa baridi kali. Mama Chiriku alikuwa amechuchumaa kwenye uwanja wa kufyatulia, miguu imezama topeni hadi vifundoni, anajaza kalibu, anaikung'uta, anaifyatua. Matofali mawili mabichi yakalala chini. Akarudia. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwenye maungio, na kila alipochota udongo, chembe za mchanga ziliingia kwenye mipasuko zikamuuma. Nyuma yake binti yake wa miaka saba alikuwa akigeuza matofali ya jana ili yakauke upande wa pili, na mdomo wake haukupumzika hata kidogo: mara kunguru, mara ndoto aliyoota, mara kwa nini tofali halina masikio. Ndiyo maana wakamwita Chiriku.

Siku hiyo mama yake alikuwa amemvisha gauni lake la pekee lisilo na kiraka.

"Mama, leo ni sikukuu?"

"Geuza matofali."

"Mbona nimevaa hili?"

"Nimesema geuza. Na usilichafue."

Angetamani kumwambia. Lakini kumwambia Chiriku jambo ni sawa na kulitangaza redioni. Kabla jua halijapanda lingekuwa limefika kwa nyapara, tena likiwa na chumvi. Kwa hiyo alilifungia moyoni peke yake. Leo karani wa sensa angepita. Nyapara angepuliza firimbi yake, watoto wangekimbia kujificha kama kawaida, naye angemshika wake mkono, amng'ang'anie, asimame naye hapa uwanjani mbele ya macho ya serikali. Hayo tu. Hakuwa na mpango mwingine.

Zamani walimwita Mama Mbio. Mbio alikuwa kaka yake Chiriku, mtoto asiyejua kutembea, kila alikotumwa alikwenda akikimbia. Shule ilikuwa ng'ambo ya barabara kuu. Hakukuwa na kivuko, hakukuwa na tuta, kulikuwa na malori tu, na siku moja mbio za mtoto zilishindwa na mbio za lori la mchanga. Baada ya mazishi hakuna aliyefanya kikao wala kupitisha azimio, ila kesho yake kila mtu pale kiwandani alianza kumwita Mama Chiriku. Aliwashukuru kimoyomoyo. Sasa Chiriku alikuwa amefika umri wa shule, na barabara ilikuwa pale pale.

Wazazi watatu, yeye akiwemo, walikuwa wamekwenda kumwona afisa elimu. Aliwapokea akiwa amesimama, maana angewakaribisha wangemchafulia viti.

"Upande wenu ule hauna watoto," aliwaambia. "Kwenye takwimu zangu ni kiwanda tu. Serikali haiwezi kuwajengea shule matofali."

"Watoto tunao, baba. Tumewazaa."

"Mimi sibishani na uzazi wenu, mama. Nabishana na takwimu. Sensa inakuja. Hesabiweni, nione watoto kwenye orodha, nami nitaandika ombi la shule upande wenu. Bila hivyo, mikono yangu imefungwa."

Alisema hivyo huku mikono yake ikikoroga chai. Hata hivyo Mama Chiriku alirudi nyumbani na maneno hayo akayatunza kuliko alivyowahi kutunza kitu chochote.

Nyapara naye alikuwa na yake. Siku mbili kabla ya sensa aliwakusanya watu wazima mbele ya vyumba, vile vyumba vilivyojengwa kwa matofali yaliyoungua vibaya, yale ambayo hakuna mnunuzi anayeyataka.

"Sensa au si sensa, mgeni ni mgeni," alisema. "Bosi ana kibali cha kuchoma matofali. Hana kibali cha kufuga watu. Kwa serikali, hapa wapo vibarua, wote wanaume, na jioni wanarudi makwao. Wanawake hakuna. Watoto ndiyo kabisa, maana wakionekana watoto, kesho yake anakuja mkaguzi kuuliza nani anayegeuza matofali. Sasa anayetaka kuhesabiwa ahesabiwe, namruhusu. Ila akahesabiwe mahali anapolala, na hapa hatalala tena."

Watu wakacheka, kile kicheko cha mtu anayelala kwenye chumba cha mwenzake.

Usiku ule, ndani ya chumba, Mama Chiriku alimwambia mumewe kwamba bora wahesabiwe. Mumewe kazi yake ilikuwa kuchochea moto kwenye tanuru jipya. Alijichua macho, yaliyokuwa mekundu mwaka mzima kwa moshi.

"Tukifukuzwa tutakwenda wapi, mke wangu?"

"Na Chiriku akianza shule atapita wapi?"

Akageukia ukuta. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu, na uchovu wake ulikuwa umemla mpaka ndani.

Asubuhi hiyo ya sensa firimbi ikalia mapema kuliko alivyotegemea, mlio mmoja mrefu. Mama Chiriku alikuwa na mikono yote miwili ndani ya tope. Aliichomoa, akageuka, akanyoosha mkono kulishika gauni, na gauni halikuwepo. Chiriku alikuwa ameshafika katikati ya uwanja, visigino vinarusha vumbi. Zilikuwa mbio zile zile za kaka yake.

"Chiriku! We Chiriku!"

Mtoto hakugeuka. Watoto wenzake walikuwa wakimiminika kutoka kila pembe kuelekea tanuru la zamani, lile lililoacha kuchomwa, refu kama nyumba. Chini yake lilikuwa na mdomo ambao mtoto aliupita kwa tumbo, lakini mtu mzima angeingiza kichwa na bega moja tu. Mmoja baada ya mwingine wakamezwa. Bibi mmoja mchota maji akaupangia mdomo matofali, akajifuta mikono, akarudi kwenye ndoo zake kana kwamba alikuwa amefunika sufuria.

Walikuwa wamefundishwa vizuri. Nyapara mwenyewe alikuwa akiwajaribu. Aliwahi kusimama mdomoni akawaita kwa sauti tamu kwamba ana peremende, na wazazi wa waliotoka wakakatwa ujira wa siku. Siku nyingine alimwamuru Mama Chiriku amwite wake. Aliita, na Chiriku akatoka mbio huku anacheka, masizi puani. Ujira ukakatwa. Usiku ule hawakula, na Mama Chiriku alimchapa binti yake kwa hasira ambayo haikuwa ya mtoto hata kidogo, akamshika mashavu akamwambia: "Firimbi mbili fupi ndiyo unatoka. Firimbi mbili, basi. Mtu akikuita usitoke. Hata nikikuita mimi. Hata nikilia." Kisha akamfundisha kufumba macho gizani, kwa sababu macho hung'aa yakipigwa tochi.

Karani alikuwa kijana mpole mwenye kizibao cha kung'aa na kishikwambi kifuani, viatu vyake vimegeuka rangi kwa vumbi. Gari lililomleta lilikuwa linamsubiri barabarani. Nyapara alimpa kiti, akampa soda, akamwita mheshimiwa.

"Usiku wa kuamkia leo, nani amelala hapa, mzee?"

"Mlinzi. Mtu mmoja, basi."

"Na hawa?"

"Vibarua. Wanakuja, wanaondoka."

"Na yule mama?"

"Hao huleta chakula wakauza, mheshimiwa. Wanatusaidia."

Kidole cha karani kikagusa kioo. Mama Chiriku akasimama. Miguu ilikuwa mizito kwa tope, akaja nayo hivyo hivyo mpaka mbele ya kiti.

"Mwanangu, mimi siuzi chakula. Mimi nafyatua matofali. Nimelala hapa, chumba cha tatu, na mume wangu na binti yangu. Na watoto wengine wapo, kumi na sita."

Kidole kikatulia. "Wako wapi, mama?"

"Ndani ya tanuru."

Nyapara akaangua kicheko, akapiga paja. "Watoto ndani ya tanuru! Mheshimiwa, umesikia mwenyewe, sijasema mimi!" Kisha akainama kwa karani, akashusha sauti, lakini si sana. "Huyu ni Mama Mbio. Mtoto wake aligongwa pale barabarani. Tangu siku hiyo kichwa hakijakaa sawa. Sisi tunamvumilia tu, tutafanyaje, ni binadamu."

Mama Mbio. Hakuwa amelisikia jina hilo tangu mazishi. Akawatazama wenzake waliokuwa wamesimama na kalibu zao mikononi, watu waliokula naye, watu ambao watoto wao walikuwa mle mle ndani. Kila mmoja alikuwa ameona kitu cha kutazama chini.

"Mume wake yupo?" aliuliza karani.

Mume akajitokeza, akavua kofia. "Amechoka, bwana mkubwa," alisema. "Hajalala vizuri."

Hapo Mama Chiriku akaondoka. Hakukimbia. Alitembea mpaka kwenye tanuru la zamani, akapiga magoti, akaanza kuyatoa matofali ya mdomoni moja moja na kuyatupa nyuma yake. Karani alimfuata, na nyapara akamfuata karani.

"Chiriku," aliita ndani. "Chiriku mama yangu, toka. Leo hakuna kujificha. Toka uonekane."

Ndani kulikuwa kimya. Harufu ya masizi ya miaka ikamjia usoni.

"Ni mimi mama yako! Sikuchapi. Naapa sikuchapi. Huyu kaka amekuja kuwaandika. Akikuandika utajengewa shule huku huku, hutavuka barabara. Toka, mwanangu!"

Aliyesikia maneno yale mle gizani alikuwa mtoto aliyejifunza somo lake. Mama Chiriku alijua wako wapi, nyuma ya ukuta wa ndani, wamebanana, macho wameyafumba, kila mmoja amekusanya nguo yake. Akaingiza kichwa na bega, akanyoosha mkono mpaka ukuta ukamchubua, akapapasa hewa. Akalia. Alilia kwa sauti, bila aibu, kama alivyolia siku ile ya lori, na kila alivyozidi kulia ndivyo alivyozidi kukumbuka alichokuwa amesema. Hata nikilia.

Karani akamshika bega taratibu, akamsogeza. Alipiga goti moja, akawasha tochi ya simu, akamulika. Mwanga ulifika kwenye ukuta mweusi ukaishia hapo. Alitaka kuinuka.

Ndipo mtu akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo, kilichozibwa katikati. Karani akabaki na goti lake chini. Alimtazama mama, akamtazama nyapara.

"Paka," alisema nyapara.

"Paka anakohoa?"

"Vumbi la humu, mheshimiwa, hata wewe ukikaa utakohoa."

Barabarani gari likapiga honi, likapiga tena. Karani aliinuka, akajipangusa goti kwa muda mrefu kuliko vumbi lililokuwepo.

"Umesikia," Mama Chiriku alimwambia. "Umesikia kwa masikio yako."

"Nimesikia, mama."

"Basi andika."

"Niandike nini? Jina nani, umri gani, wa kike au wa kiume? Kikohozi hakihesabiwi, mama."

"Subiri basi. Kaa tu. Jioni njaa itawatoa."

"Nina mtaa mzima bado." Alisita. "Lakini wewe nimekuona. Wewe nitakuandika."

"Mwandike, mwandike," alisema nyapara kwa ukarimu. "Ila kuanzia leo jioni hakai hapa, yeye na wake. Usije ukaambiwa umepeleka takwimu za uongo."

Karani alikuwa ameshaanza kuuliza jina lake, jina lake hasa, ambalo miaka ilikuwa imepita bila mtu kulihitaji. Kabla hajalitoa, mumewe alifika, kofia bado mkononi.

"Usimwandike, bwana," alisema. Hakumtazama mkewe. "Nakuomba. Huyu halali hapa."

Kidole kikagusa kioo. Pale getini kijana alichora namba kwa chaki kwenye nguzo, akachora na alama ya vema, maana eneo lilikuwa limekamilika. Gari likaondoka. Soda ilibaki kwenye kiti, haijaguswa.

Nyapara alingoja mpaka vumbi likatua, akapuliza. Firimbi mbili fupi.

Wakaanza kutoka kwa matumbo, weusi tii, wakipepesa macho kwenye jua. Nyapara alisimama mdomoni kama alivyozoea, akimgusa kila mmoja kichwani akipita, akiwahesabu kwa sauti, bila haraka, kwa sababu siku moja alikosea hesabu na mtoto akasahaulika humo hadi kesho yake, na hakutaka yamkute tena. "Kumi na nne. Kumi na tano. Pole pole, wewe. Kumi na sita." Wa mwisho alitoka na gauni lililokuwa safi asubuhi.

"Kumi na saba," alisema nyapara. "Wote wapo."

Chiriku alipita mkononi mwake akaenda moja kwa moja kwa mama yake, aliyekuwa bado amekaa chini kati ya matofali aliyoyatupa. Meno yake ndiyo pekee yaliyokuwa na rangi.

"Mama, aliyekohoa siyo mimi! Ni mdogo wake nani yule, nikamziba mdomo. Mimi nilifumba macho. Nilikusikia unaniita, na sikutoka. Umeona sikutoka?"

"Nimeona."

"Hata ulipolia sikutoka. Leo ulilia vizuri, mama. Ulilia kama kweli."

Mtoto akasimama pale, uso ameuinua, akisubiri kusifiwa.