Weupe wa Matumbawe

Mwaka wa tisini na nane Ogari alirudi Ekerenyo ghafla kutoka Malindi, na nyumbani hapakuwa na msiba. Kazi yake huko ilikuwa kuwatembeza watalii kwa boti yenye kioo chini, watazame matumbawe. Bathsheba, dada yake mkubwa, alimkuta kando ya shamba la pareto lililochanua kote, hataki hata kulitazama.

“Bahari imeshika joto, dada. Maji ni kama ya kuogeshea mtoto. Matumbawe yote yamekuwa meupe, kama shamba lako hili.”

Bathsheba akacheka. Tangu lini weupe ukawa balaa? Pareto ikiwa nyeupe, watu huitana na vikapu kuchuma. “Basi mshukuruni Mungu.”

“Matumbawe yana uhai, dada. Yakipoteza rangi, yanakufa njaa. Nilizima injini nikasikiliza. Zamani ungewasikia samaki wakiyatafuna. Sasa kimya.”

Kicheko kikamkauka Bathsheba mdomoni. Upepo ulipita juu ya maua, naye akajikuta anatega sikio.

“Na wageni wako walisemaje?”

“Walifurahi kama wewe. Wakaniomba niwarudishe kesho yake.”