Darubini ya Shemeji

Dobi alifika uwanjani amechoka hoi. Tangu alfajiri alikuwa amesimama kwenye mashine ya kupiga pasi mashuka ya hospitali, na miguu ilimvimba mpaka viatu vikambana. Lakini angefanyaje? Leo ndiyo leo. Timu ya walenga shabaha ilibakiza nafasi moja tu, na miaka sita mfululizo nafasi hiyo imempita hivi hivi anaiangalia.

Na kila mwaka alikuwa na jibu: bunduki. Yake ilikuwa kuukuu, ya kulengea kwa jicho tupu, kitako kimefungwa waya. Wenzake wana darubini. "Nipeni chombo cha maana, halafu mtaniona," alikuwa akisema nyumbani, kazini, popote penye masikio.

Basi mwaka huu shemeji yake, kaka wa mkewe, akamziba mdomo. Bwana yule ana kila kitu ila subira. Alinunua bunduki mpya yenye darubini kubwa, akaipiga mara mbili, akaichoka.

"Chukua, shemeji. Hii inapiga yenyewe. Kazi yako kupumua tu."

"Sijaizoea."

"Utaizoea vipi bila kuishika? Acha woga, bwana!"

Akaishika. Tuseme ukweli, ilikuwa tamu. Wiki mbili alifanya mazoezi peke yake, mbao moja tu ya shabaha imesimamishwa, na risasi zikawa zinaingia katikati mpaka akaanza kucheka mwenyewe.

Siku ya mashindano mbao zilikuwa ishirini, zimepangwa sambamba umbali wa mita mia nane, kila moja na namba yake juu. Kwa jicho tupu ungeziona zote. Kwenye darubini ile ulijaa mduara mweusi wa mbao moja tu. Namba ilibaki nje. Dobi alipewa mbao ya tisa. Kulia kwake, kwenye ya kumi, alilala Mwashi, mjenzi mpole aliyekuwa akiitaka nafasi ileile, na siku hiyo risasi zake hazikuwa zikitulia.

Risasi tisa za Dobi zilikwenda vizuri ajabu. Ikabaki moja. Upepo ukageuka, akainua shavu kutazama bendera, akafuta jasho, akarudi kwenye darubini. Mduara mweusi huo hapo. Macho yalimuuma, akawa anaomba mashindano yaishe tu akalale. Akapumua, akafyatua. Risasi ile aliijua kuwa nzuri kabla hajaambiwa.

Mbao ikishapigwa, watu walio handakini chini yake huishusha kuitia alama. Ya tisa haikutikisika. Ikashuka ya kumi.

Msimamizi akatangaza: "Tisa, hakuna kitu. Kumi ina matundu mapya mawili, moja katikati, moja pembeni. Mwenye mbao anahesabiwa lililo bora."

Mwashi akampita Dobi kwa alama tatu, akaja mbio, uso umemshuka. "Ndugu yangu, ile ya katikati ni yako. Yangu ya pembeni, naijua."

"Kanuni ni kanuni. Nenda wewe."

Hapo shemeji akafika anahema. "Nimeona! Tatizo ni darubini, inabana mno. Kuna nyingine pana, nimeiona juzi, hiyo ndiyo—"

Mungu wangu, jinsi Dobi alivyotamani kuitikia! Neno lilikuwa limeshamfika mdomoni. Lingemtosha mwaka mzima, pengine na mwingine.

"Bunduki yako haina kosa, shemeji," akasema. "Imepiga palepale nilipoielekeza."

Akamrudishia mkononi. Nafasi ilimuuma, ndiyo, lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuwa na cha kusingizia tena. Akakaa chini pale pale kwenye nyasi, mtu mzima na mvi zake, akalia mbele za watu.