Siku Nzuri Ndizo Zinazoniponza

Mwanamke mgeni aliingia dukani asubuhi, begi lake limekatika zipu, akamkuta fundi cherehani amelala chali sakafuni, miguu juu ya kiti.

"Hodi. Au nimekuja saa ya kulala?"

"Karibu, dada. Si usingizi, ni mgongo. Ngoja nijikusanye."

Huu ulikuwa mwaka wa sita mgongo huo ukimsumbua. Picha zilipigwa, vidonge vikamezwa, na daktari aliposema hakuna kilichovunjika, fundi alijisikia kama ameitwa mwongo. Sasa alikuwa karibu kuiuza cherehani.

Alipokaa kushona zipu, mgeni, ambaye kazi yake ilikuwa kuwafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo, alimtazama kwa makini.

"Siku mgongo ukinyamaza, huwa unafanyaje?"

"Nafidia siku zilizopotea. Siinuki kwenye cherehani mpaka jua lizame."

"Anashona kama cherehani ni ya kuazima," wifi yake fundi alidakia huku akipiga pasi.

"Na kesho yake?"

"Kesho yake ndiyo hii uliyonikuta nayo."

"Basi siku nzuri ndizo zinazokuponza. Maumivu yako ni ya kweli, dada. Ila mwili ni kama mbwa ambaye nyumba yake iliwahi kuibiwa: siku hizi anabwekea hata kivuli. Kubweka kupo, mwizi hayupo. Mbwa huyo hatulizwi kwa fimbo. Anazoeshwa."

Akamwekea sharti: kila uzi wa bobini, ule wa chini ya sindano, ukiisha, ainuke, atembee mpaka mwisho wa baraza na kurudi, mgongo unauma au hauumi.

"Niahidi kwa siku nzuri. Siku mbaya utatii mwenyewe."

Fundi akaahidi.

Wiki ya tano, maumivu yalikuwapo bado, lakini hakuwa amelala sakafuni hata mara moja. Ndipo ikaja siku tamu, mgongo kimya kabisa. Mwalimu wa kwaya alikuwa amesimama kichwani pake, akisubiri majoho ya onyesho la jioni. Yalibaki manane. Bobini ikaisha.

Fundi akaweka mkasi chini.

"Unakwenda wapi?" mwalimu akauliza.

"Kutembea kidogo. Kwa mwendo huu, mwalimu, nitakumalizia sita. Mawili mpe fundi wa jirani."

"Fundi, mzima kama wewe? Nikienda kwa jirani, nahama na kwaya nzima."

Wifi aliacha pasi hewani. Kwaya ile ndiyo iliyolibeba duka. Fundi aliujua mwili wake: leo angemaliza yote manane akicheka, kisha siku tatu chini. Na mbwa angejifunza upya kubweka.

"Nisamehe, mwalimu. Nimeahidi."

Mwalimu akakwapua vitambaa vya majoho mawili, akatoka bila kuaga.

Fundi akainuka. Alipofika mlangoni kwa jirani, vile vitambaa vilishatandazwa mezani, na mwalimu alikuwa akipimwa koti jipya, la kwake mwenyewe. Akawasalimu wote wawili, akaendelea kutembea mpaka mwisho wa baraza, kisha akageuka.