Nyumba ya Mbao Nje ya Boma

Nyumbani kwa Jannigje hapakuwa na kitu ambacho watu wawili wasingeweza kukibeba wakikimbia. Meza ilikunjika, kitanda kilifunguka vipande vipande, na sanduku la nguo lilikaa mlangoni, tayari kubebwa. Ndivyo walivyoishi wote waliojenga nje ya boma la Lingerschans, ng'ambo ya handaki la maji. Sheria ya jeshi iliwaruhusu mbao tu, ili siku ya vita nyumba zichomwe na mizinga ya bomani ipate kuona mbali.

Na vita ilikuja. Askari kijana alibisha hodi kwa adabu, dumu la mafuta ya taa mkononi. Gijsbert, mume wa Jannigje, akamwelekeza aanzie upande wa upepo, nyumba isije ikaungua nusu ikawa aibu. Kumbe adui alipita angani, wala hakuliangalia boma. Vita ilipokwisha Gijsbert alijenga tena pale pale, kwa mbao zile zile za msonobari. Miaka ikapita, Gijsbert akazikwa, na sheria nayo ikafutwa.

"Tofali, mama," alisema mwanawe Teunis huku akikoroga kahawa. "Tujenge kama watu wa ndani ya boma."

"Watu wa ndani wametuita viberiti tangu enzi za bibi yako. Leo ndio unataka kufanana nao?"

"Nataka usife kwa baridi. Tunabomoa Jumatatu, na ulishakubali."

"Nilikubali nikiwa na mafua."

Teunis alicheka. Jannigje hakucheka. Hapakuwa na ubao ambao mkono wa Gijsbert haukuupiga randa, na kuibomoa nyumba ile kwake kulikuwa kumzika mumewe mara ya pili. Lakini neno lilikwisha kumtoka, naye hakuwa mtu wa kugeuka.

Jumatatu Kobus mwoka mikate, mtu wa ndani ya boma, alikuja na mkokoteni kusaidia. Akakuta vyombo vyote viko nje, na kahawa bado ina moto.

"Lo! Mnahama au mnakimbia?"

"Kwetu sisi ni kitu kimoja," alisema Jannigje.

Nyumba ya matofali ilikamilika majani yalipoanza kupukutika. Ilikuwa na joto, na Jannigje hakuwa na la kuilaumu. Jumapili moja Teunis aliingia akitiririka maji.

"Umetumbukia handakini?"

"Mvua, mama! Inanyesha tangu asubuhi."

Jannigje alitega sikio. Kimya. Katika nyumba ya mbao hata tone la kwanza lilisikika. Gijsbert alikuwa akiinua kidole, nao wakinyamaza wote wawili wakisikiliza.

Jannigje aliingia chumbani, ambako Teunis alikuwa amelisukuma sanduku hadi ukutani.

"Shika huko."

"Tunalipeleka wapi?"

"Mahali pake."

Wakalibeba hadi mlangoni. Jannigje akafungua mlango wazi, akaketi juu ya sanduku, akainua kidole.