Piga Mkeka, Kiroboto

...bandeji, anataka bandeji, kana kwamba mkono wa mtoto ni bomba linalovuja, zungusha, kaza, maji yakikoma tuendelee, "Mwalimu, mfunge tu, mfunge vizuri, fainali hiyo inakuja," ananiambia kinyozi, baba yake Kiroboto, amesimama juu yetu na viatu vyake, na viatu, jamani, kwenye mkeka ambao hata mtoto aliyejiunga na judo jana anajua haukanyagwi na viatu, na mimi nimepiga magoti mbele ya binti yake, nimeshikilia mfuko wa barafu kwenye kiwiko kilichoumuka kama mkate uliozidishiwa hamira, bandeji iko katika mkono wangu wa pili, bado imeviringwa, sitaki kuikunjua, nikiikunjua nimekubali, na pale katikati ya ukumbi wavulana wawili wanavutana, mwenye mkanda mwekundu amemlalia wa bluu, wakimaliza hao ni zamu yetu, na muuguzi wa mashindano ameshaugusa huu mkono akasema haujavunjika, umevutika tu, uamuzi ni wa mwalimu, kisha huyo, kaenda zake kunywa chai, uamuzi ni wa mwalimu, haya, mwalimu ndiye mimi... "Damu yangu hii," kinyozi anawaambia watu wa benchi la nyuma, "mmeona alivyobanwa? Haijui kukubali kushindwa damu hii!" na wanacheka, wanapiga makofi tena, na mimi natamani nimshike ukosi nimrushe hapa hapa, aanguke na viatu vyake, ili ajue mwili ni kitu gani, hivi baba wewe, wewe unayenyoa watu, mteja akishtuka kidogo tu si unanyanyua wembe, unangoja damu? Unamwambia avumilie, awe mwanamume, shingo itapona? Unanyanyua wembe, nimekuona kwa macho yangu, una mkono mwepesi kuliko manyoya, sasa kwa mwanao ndiyo umejifanya mchinjaji... na mimi kitu cha kwanza ninachofundisha, kabla ya kurusha, kabla hata ya kufunga mkanda, ni kupiga mkeka, ukibanwa piga mara mbili kwa kiganja, pa, pa, mwenzako anaachia, basi, mnainuka mnaendelea, kabla sijakufundisha kushika nakufundisha kuachiwa, wazazi wananikasirikia, mwezi mzima watoto wanapiga mkeka tu, tuliowashonea wenyewe kwa magunia yaliyojazwa maranda, kule kwenye ghala la mbao, vumbi linapanda, pa, pa, "Mwalimu, unawafundisha kushindwa?" alishaniuliza mama mmoja, nikamwambia hapana, mama, nawafundisha kurudi kesho, na Kiroboto ndiye alikuwa mwepesi kuliko wote, ndiyo maana tukamwita hivyo, kadogo, hakashikiki, anapiga mkeka huku anacheka, "Mwalimu, nimekufa, nizikeni," kisha anaruka tena... sasa leo, nusu fainali, lile jibinti refu likaubana mkono wake kati ya mapaja, likaunyoosha kinyume, nami kutoka kwenye kiti changu nikapiga kelele mpaka koo likachanika, piga, piga mkeka, Kiroboto, piga! na kiganja chake kilikuwa wazi, kilikuwa juu ya mkeka kabisa, nilikiona, akageuza shingo akanitazama, akakikunja kiganja, akauma meno, akajipinda akachomoka, akashinda, ukumbi mzima ukasimama, mimi tu niliyebaki nimekaa... "Mwalimu, wanamalizia hao," anasema kinyozi, "usituangushe sasa, mwalimu wangu," wangu, leo nimekuwa wake, na viatu bado, nami namuuliza mtoto kwa sauti ya chini, kwa nini hukupiga, mama, si nilikuambia upige? na yeye hatazami barafu wala hamtazami baba yake, anatazama mkono wangu, huu wa kushoto, uliopinda, usionyooka tangu ujana wangu, anasema, "Hata wewe hukupiga, Mwalimu"... Nani kamwambia? Baba yake, nani mwingine, kile kiti chake cha kunyolea ni redio, kila kichwa kinachoinama pale kinasikia habari za mwalimu wa binti yake, mwanamke wa chuma, alivunjwa mkono fainali akakataa kukubali, na mimi nimepita pale mlangoni nikasikia, nikafanya kama sikusikia, nikatembea nimeunyoosha mgongo, utamu wake huo... lakini hapana, hapana, si kinyozi, kinyozi anasimulia alichosimuliwa, hadithi hii ina mwenyewe, na mwenyewe yuko ukutani kwenye ghala la mbao, ndani ya fremu, amevaa mkanda wake mweusi, kila jioni kabla ya mazoezi watoto wangu wanajipanga wanamwinamia, mwalimu wangu, aliyenipokea nilipomfuata kaka yangu mazoezini, kaka akakimbia wiki ile ile, mimi nikabaki, akanifundisha kuanguka, akanifundisha kusimama, chochote kinachosimama ndani yangu ni yeye, hivyo ndivyo nilivyosema siku tuliyoitundika picha ile, nikalia hata... na siku ile ya fainali yangu, mkono umebanwa, kiganja changu kilikuwa wazi juu ya mkeka kama cha huyu, nikageuza shingo kama huyu, nikamtazama pale kwenye kiti chake cha kukunja, na yeye akatikisa kichwa, kidogo tu, kama mtu anayefukuza nzi, nami nikakikunja kiganja, kiwiko kikalia kama kuni kavu, na sikushinda, hilo kinyozi halisimulii, nilishindwa, na mkono nikaupoteza, njiani kurudi akaniambia, "Leo umekuwa mtu," na mimi nimelila neno hilo miaka yote hii, nimelilalia na nimeliamkia, leo umekuwa mtu, kwani jana nilikuwa nini, nilikuwa nini nilipopiga mkeka huku nacheka, nilikuwa nini, mzee? Uliuona mkono wangu unavyokwenda, ulikuwa karibu kuliko refa, ungesema piga, neno moja, ungenyanyua wembe, hukunyanyua, ukatikisa kichwa, nami nikakutundika ukutani nikawaleta watoto wa watu wakuinamie, jioni baada ya jioni, pa, pa, nawafundisha kwa mdomo wapige, na kwa huu mkono nawafundisha wasipige, na mkono ndio wanaoutazama, bila shaka, nani anasikiliza mdomo... basi leo picha inashuka, leo leo, nitaishusha mwenyewe, sitaivunja, nitaiweka chini kifudifudi, ajue kuanguka... na hasira hii niliyokuwa nikimwelekezea kinyozi, si yake, maskini, amesimama hapa na viatu vyake, kidevu kinamtetemeka, kumbe anaogopa, anapiga kelele kwa sababu anaogopa, mtu anangoja mwalimu atikise kichwa huku au huku, "Mwalimu," anasema, sasa polepole, "bandeji..." na bandeji bado imeviringwa, barafu bado ngumu, kule katikati mwekundu bado amemlalia wa bluu, hakuna kilichosogea, na kiganja cha Kiroboto, cha ule mkono mzima, kimekunjwa juu ya goti lake, kimekunjwa tangu wakati ule, hajakifungua, nami naweka bandeji chini, nakishika kile kingumi kidogo, nakifungua kidole kimoja kimoja, Kiroboto, usitazame kiwiko, nitazame mimi, sikiliza, mimi siku ile nilitaka kupiga.